Utengaji wa Michakato katika Kerneli ya Linux: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mienendo Isiyotarajiwa

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wasimamizi wa seva na waandishi wa programu wanaotumia makontena kila siku, na ambao wamewahi kuiona Linux ikifanya jambo walilodhani haliwezekani: ganda (shell, programu inayopokea amri) linalokataa kuanzisha amri yoyote ilhali kumbukumbu ipo tele, mchakato unaopuuza agizo la kuzimwa, au root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, anayenyimwa ruhusa. Mengi ya mambo haya si hitilafu, bali ni matokeo ya maamuzi yaliyofanywa kwa makusudi, ambayo mengine yana sababu nzuri sana na mengine yamebaki kwa kuwa programu nyingi tayari zinayategemea. Machache ni udhaifu halisi wa kiusalama, na nayo yamepewa nafasi yake hapa chini, kwa kuwa asiyeweza kutofautisha makundi haya mawili ama atapoteza siku nzima akitafuta kasoro isiyokuwepo, ama ataipuuza iliyopo.

## Kerneli inatenga nini hasa inapoutenga mchakato?

Kerneli ndiyo kiini cha Linux kinachosimamia michakato, yaani programu zinazoendeshwa. Utengaji wake una matabaka mawili. La kwanza ni la zamani: kila mchakato una jedwali lake la kurasa za kumbukumbu, na kichakataji chenyewe huuzuia usisome wala kuandika kumbukumbu ya mchakato mwingine. La pili ni nafasi za majina (namespaces), ambazo hazijengi ukuta bali hubadilisha kile ambacho mchakato unakiona. Nafasi hizi ni za aina nane, na hazikuja kwa pamoja. Ile ya mifumo ya faili iliyopachikwa (mount) ilitangulia mwaka 2002 katika toleo la 2.4.19, za jina la mashine na za mawasiliano baina ya michakato zikafuata mwaka 2006, ya namba za michakato ikaingia katika toleo la 2.6.24 mwaka 2008, wakati ile ya mtandao ikianza kujengwa. Ya watumiaji ikakamilika katika toleo la 3.8 mwaka 2013. Ya cgroup (makundi ya michakato yanayowekewa vikomo vya rasilimali) ikaja mwaka 2016, na ya saa mwaka 2020.

Ni muhimu kufahamu kwamba ndani ya kerneli hakuna kitu kinachoitwa kontena. Programu za nje kama runc huziomba nafasi hizi moja baada ya nyingine, huongeza vikomo na vizuizi vingine, kisha sisi watumiaji tunauita mkusanyiko huo kontena. Hali hii inafanana na nyumba ya kupanga: kila mpangaji ana mlango na ufunguo wake, lakini tangi la maji ni moja na mita ya umeme ni moja. Kitu chochote ambacho hakikuombewa nafasi yake, au ambacho kerneli haijakitengenezea nafasi kabisa, hubaki cha wote, na hapo ndipo mshangao mwingi unapoanzia.

## Nimetumia unshare --pid kuanzisha bash, na sasa kila amri inajibu "Cannot allocate memory". Kumbukumbu imeishia wapi?

Kumbukumbu haijaisha. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu kamili, kwa sababu mambo matatu tofauti yamekutana mahali pamoja.

La kwanza ni kwamba mchakato unaoita unshare (wito wa kuunda nafasi mpya) kwa ajili ya namba za michakato hauhamii katika nafasi mpya. Unabaki na namba yake ileile katika nafasi ileile ya zamani, na ni watoto wake watakaozaliwa baadaye ndio wanaoingia katika nafasi mpya. Uamuzi huu ni wa makusudi. Programu na maktaba nyingi huchukulia kwamba namba ya mchakato haibadiliki tangu unapozaliwa hadi unapokufa. Kwa miaka mingi glibc, maktaba kuu ya C, yenyewe ilikuwa ikihifadhi jibu la getpid (wito wa kuuliza namba ya mchakato) ili isiisumbue kerneli kila mara, desturi iliyoachwa katika toleo la 2.25 la mwaka 2017. Kama kerneli ingekubali kubadilisha namba ya mchakato ulio hai, programu nyingi zingevunjika kimyakimya.

La pili ni kwamba mtoto wa kwanza kuzaliwa katika nafasi mpya hupewa namba 1, na kwa hiyo ndiye mlezi mkuu wa nafasi nzima. Amri ya unshare isipopewa chaguo la --fork hujigeuza moja kwa moja kuwa bash. Bash inapoanza husoma faili zake za mipangilio, na mara nyingi faili hizo huita kiprogramu kidogo cha nje. Kiprogramu hicho ndicho kinachokuwa namba 1. Kinafanya kazi yake kwa sekunde chache au chini ya hapo, kisha kinakufa kama kawaida, na namba 1 anapokufa kerneli huifunga nafasi hiyo moja kwa moja: hakuna mchakato mwingine utakaoruhusiwa kuzaliwa humo.

La tatu ni ujumbe wenyewe. Bash inapojaribu kuzaa mtoto mwingine, kerneli hukataa na kurudisha kosa la ENOMEM, ambalo maktaba hulitafsiri kuwa ni upungufu wa kumbukumbu. Waandishi wa kerneli wanajua kwamba jibu hilo halielezi ukweli. Katika msimbo unaogawa namba za michakato kuna maelezo yanayokiri wazi kuwa ENOMEM si chaguo linaloeleweka kirahisi, lakini limekuwa likirudishwa kwa programu za watumiaji kwa muda mrefu na limeandikwa katika nyaraka, hivyo haliwezi kubadilishwa kirahisi hata kama lingepatikana kosa lililo bora zaidi. Naiheshimu sababu hiyo, maana kanuni ya kutovunja programu za watumiaji ndiyo inayofanya programu ya miaka mingi iliyopita iendelee kufanya kazi leo. Hata hivyo, gharama yake inalipwa na kila anayejifunza nafasi za majina kwa mara ya kwanza.

Dawa yake ni kuandika unshare --pid --fork bash. Hapo unshare huzaa mtoto kwanza, mtoto huyo ndiye anayekuwa bash na namba 1, na nafasi hubaki wazi muda wote bash inapokuwa hai. Dalili ya kukutambulisha tatizo hili ni kwamba amri zilizomo ndani ya bash yenyewe, kama cd na echo, huendelea kufanya kazi bila shida, kwa kuwa hazihitaji kuzaa mchakato.

## Nimeingia katika nafasi mpya ya namba za michakato, lakini ps bado inaorodhesha michakato ya mashine nzima. Je, utengaji umeshindikana?

Haujashindikana. Amri ya ps haiiulizi kerneli moja kwa moja. Husoma saraka ya /proc, na /proc huonyesha michakato ya nafasi ambayo ilipachikwa kwayo, si ya nafasi ya anayeisoma. Kama hujaipachika upya, unatazama picha ya nafasi ya zamani. Ukiongeza chaguo la --mount-proc, unshare itatengeneza pia nafasi mpya ya mifumo ya faili na kuipachika /proc humo.

Anayefanya kazi hii kwa mkono awe mwangalifu. Kerneli kwa kawaida yake huacha vipachiko viwe vya faragha, lakini systemd, programu inayoanzisha huduma za mashine, huvigeuza vyote kuwa vya kushirikiana mashine inapowaka, na kwa hiyo kupachika /proc ndani ya nafasi mpya kunaweza kuvuja hadi nje na kuifunika /proc ya mashine mama. Amri ya unshare imekuwa ikizuia jambo hilo yenyewe tangu toleo la 2.27 la util-linux, mkusanyiko wa zana unaoibeba. Programu yako inayoita wito wa mfumo wa unshare bila kupitia amri hiyo haina ulinzi huo, na ni lazima ubadilishe hali ya kushirikiana kabla ya kupachika chochote.

## Kwa nini programu yangu ndani ya kontena haizimiki hadi sekunde kumi zipite?

Kwa sababu programu yako ni namba 1 ndani ya nafasi yake, na kerneli humlinda namba 1 dhidi ya ishara ambazo hakujiandaa kuzipokea. Mchakato wa kawaida usioandika msimbo wa kupokea SIGTERM (ishara ya kuomba mchakato ujizime) hufa unapoipata, kwa kuwa hiyo ndiyo tabia ya msingi ya ishara hiyo. Namba 1 hana tabia hiyo ya msingi: ishara isiyoandikiwa msimbo hutupwa kana kwamba haikutumwa. Ukiwa ndani ya kontena hata kill -9 1 haitafanya lolote. Wanaotuma kutoka nafasi ya juu nao hufungwa na sheria ileile, isipokuwa kwa SIGKILL (ya kuua) na SIGSTOP (ya kusimamisha), ambazo zikitoka juu hazina wa kuzizuia. Ndiyo maana docker stop hutuma SIGTERM, husubiri sekunde 10, kisha hutuma SIGKILL. Katika Kubernetes, mfumo wa kusimamia makontena mengi, muda wa kawaida wa kusubiri ni sekunde 30.

Madhara yake ni makubwa kuliko uchelewaji. Hifadhidata inayouawa kwa SIGKILL haikupata nafasi ya kufunga faili zake, na foleni ya kazi haikurudisha kazi iliyokuwa mkononi. Andika msimbo wa kupokea SIGTERM, au weka mlezi mdogo kama tini, ambaye Docker humleta ukitumia chaguo la --init. Iwapo kontena linaanzishwa na hati ya ganda, hakikisha mstari wa mwisho unatumia exec, inayoligeuza ganda kuwa programu yako, la sivyo ganda ndilo litakalokuwa namba 1 na ishara haitaifikia programu yako kamwe.

## Michakato ya zombi inatoka wapi, na kwa nini huongezeka kila siku?

Mchakato unapokufa, rekodi ndogo ya kifo chake (ndiyo zombi) hubaki hadi mzazi wake aichukue kwa wito wa wait. Mzazi akifa kwanza, yatima hupelekwa kwa namba 1 wa nafasi yake, au kwa mlezi wa karibu zaidi aliyejitangaza kwa PR_SET_CHILD_SUBREAPER, utaratibu uliopo tangu toleo la 3.4. Katika mashine kamili namba 1 ni systemd, inayoijua kazi hiyo. Katika kontena namba 1 huenda ni programu ya wavuti ambayo mwandishi wake hakuwahi kufikiri kwamba itapokea watoto isiowazaa, hivyo haichukui rekodi zao, na namba zao hazirudishwi. Mlezi mdogo aliyetajwa hapo juu hulimaliza tatizo hili pia.

Namba 1 anapokufa, kerneli huwaua wote waliomo kwa SIGKILL, kisha husubiri nafasi iwe tupu kabisa kabla ya kumruhusu namba 1 mwenyewe aondoke. Kusubiri huko ndiko kunakoeleza kwa nini kontena fulani hukwama katikati ya kuzimwa. Kama uliingiza ganda la uchunguzi kwa nsenter (amri ya kuingia katika nafasi iliyopo), mzazi wa ganda hilo yuko nje, na asipolichukua baada ya kufa, nafasi haiwi tupu na kifo hakikamiliki. Kabla ya kulaumu kerneli, tafuta mzazi huyo wa nje. Utamtambua mtoto wake kwa urahisi: akiuliza namba ya mzazi wake kwa getppid hujibiwa sifuri, kwa kuwa mzazi aliye nje hana namba ndani ya nafasi hiyo.

## Mimi ni root ndani ya kontena. Kwa nini nanyimwa ruhusa, na kwa nini faili zangu zinaonyesha mmiliki 65534?

Katika nafasi ya watumiaji, mamlaka ya root yana mipaka: yanahusu tu vitu vinavyomilikiwa na nafasi hiyo. Root huyo anaweza kubadilisha jina la mashine la nafasi yake na kupanga mtandao wake, lakini hawezi kupakia moduli ya kerneli, kubadilisha saa ya mashine, wala kuunda faili ya kifaa, kwa kuwa vitu hivyo ni vya mashine yote.

Namba 65534 ndiyo anayopewa mmiliki yeyote asiye na tafsiri katika ramani ya nafasi hiyo. Ramani ya uid_map, inayotafsiri namba za watumiaji kati ya ndani na nje, huandikwa mara moja tu, na haisahihishwi baadaye. Hadi toleo la 4.14 ilikuwa na kikomo cha mistari 5. Tangu toleo la 4.15 ni mistari 340.

Wengi hukwama pia kwenye gid_map, ramani ya makundi, ambayo mtumiaji asiye na mamlaka hawezi kuiandika kabla ya kuandika neno deny katika faili ya setgroups. Sharti hilo lina historia. Wapo wasimamizi wanaotumia kundi kumnyima mtu haki, yaani faili inasomeka na watu wote isipokuwa wanachama wa kundi fulani. Nafasi za watumiaji zilipomruhusu mtu yeyote kujiondoa katika makundi yake, aliyenyimwa aliweza kujivua uanachama na kuisoma faili. Udhaifu huo uliandikishwa katika CVE, orodha ya umma ya udhaifu wa programu, kama CVE-2014-8989, na sharti la setgroups likaja na toleo la 3.19.

Ikiwa hata kuunda nafasi yenyewe kunakataliwa, angalia usambazaji wa Linux unaotumia. Debian ilikuwa ikizuia watumiaji wa kawaida kuunda nafasi hizi kabla ya toleo la 11, nayo Ubuntu tangu 24.04 huzibana kupitia AppArmor, mfumo wa sera za usalama. Sababu ni kwamba nafasi ya watumiaji humpa mtu wa kawaida njia ya kufikia sehemu za kerneli ambazo zamani zilifikiwa na root peke yake, na hitilafu za sehemu hizo huwa mlango. CVE-2022-0185, iliyokuwamo katika msimbo wa kupachika mifumo ya faili, ni mfano halisi.

## Nimeliwekea kontena kikomo cha kumbukumbu, lakini amri ya free inaonyesha kumbukumbu ya seva nzima.

Vikomo huwekwa na cgroup, na faili ya /proc/meminfo haijui lolote kuhusu cgroup. Hakuna nafasi ya majina ya kumbukumbu. Programu inayosoma faili hiyo na kujipangia ukubwa kulingana na seva nzima itavuka kikomo na kuuawa, na utaona msimbo wa kutoka 137, ambao ni 128 ukijumlishwa na 9 ya SIGKILL. Java iliteseka sana kwa jambo hili hadi JDK 10, na marekebisho yakarudishwa katika 8u191. Ukweli wa kontena lako uko katika faili za memory.max na cpu.max za cgroup toleo la 2, na huko ndiko programu inapaswa kuuliza.

## Je, naweza kubadilisha tarehe ndani ya kontena moja tu?

Hapana. Nafasi ya saa, iliyoingia katika toleo la 5.6, inagusa saa zinazohesabu muda tangu mashine ilipowaka, si saa ya kalenda.

## Nitajuaje kwamba nilichokiona ni udhaifu halisi na si tabia iliyokusudiwa?

Kisa cha Dirty Pipe, udhaifu uliogunduliwa ndani ya kerneli, kinafundisha zaidi kuliko kanuni yoyote. Max Kellermann, mhandisi katika kampuni ya kuhifadhi tovuti, alipokea malalamiko ya mteja kwamba faili za rekodi za shughuli za seva (log) zilizobanwa hazifunguki. Faili moja ilirekebishwa, na tatizo likarudi. Uharibifu ulikuwa katika baiti 8 za mwisho wa faili, na baiti hizo zilikuwa na mwanzo wa kichwa cha faili ya ZIP, kitu ambacho hakuna programu iliyokuwa na haki ya kukiandika hapo. Aliyekuwa akiandika ZIP hakuwa na ruhusa ya kuzigusa faili hizo. Kwa ufuatiliaji wa subira alifika kwenye bendera moja ya bafa za paipu (njia ya kupitishia data kati ya michakato) ambayo haikuwa ikifutwa inapotumiwa upya; kosa hilo la kutofuta lilikuwepo tangu toleo la 4.9 bila madhara, na likawa hatari toleo la 5.8 lilipoongeza bendera hiyo. Taarifa ilitolewa Machi 2022 kwa jina la CVE-2022-0847, na marekebisho yakaingia katika 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102.

Kwa upande wa utengaji, uzito wa kisa hiki ni kwamba akiba ya kurasa za faili katika kumbukumbu ni moja kwa mashine nzima. Makontena mawili yaliyojengwa juu ya tabaka moja la picha husoma kurasa zilezile, na hivyo aliyeandika juu ya faili ya kusomwa tu katika kontena moja alibadilisha kile kinachosomwa katika jingine. Nafasi za majina hazikuvunjwa, zilipitwa.

Kwa hiyo jiulize: je, mchakato umesoma au kuandika kitu ambacho ruhusa zake zinakataza? Kama ndivyo, hiyo ni hitilafu hata kama inaonekana ndogo. Kama mchakato umeona tu kitu ambacho hakikutengwa, au umenyimwa kitu, anza na nyaraka.

## Meltdown nayo inahusiana vipi na mambo haya?

Meltdown, iliyotangazwa tarehe 3 Januari 2018, iligusa tabaka la kwanza kabisa: vichakataji vingi vya Intel viliacha athari za kumbukumbu ya kerneli zisomwe na mchakato wa kawaida kwa njia ya kupima muda. Linux ilijibu kwa kutenganisha majedwali ya kurasa ya kerneli na ya mtumiaji, kazi iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz nchini Austria. Tangu hapo miito ya mfumo hugharimu muda zaidi katika mashine zilizoathirika, na kushuka kwa kasi baada ya kusasisha kerneli ni jambo la kutarajiwa. Hali ya mashine yako imeandikwa katika /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/meltdown.

## Je, chroot haitoshi?

Haitoshi. Amri ya chroot ipo tangu Unix ya mwaka 1979 na inabadilisha tu mzizi wa saraka. Mwenye mamlaka ya CAP_SYS_CHROOT hutoka humo kwa kuita chroot mara ya pili akiwa bado anasimama nje ya mzizi mpya. Makontena hutumia pivot_root ndani ya nafasi yake ya faili.

## Nianzie wapi kuchunguza, na nimwambie nani?

Anza na lsns, inayoorodhesha nafasi zote zilizo hai, kisha linganisha viungo vya /proc/PID/ns vya michakato miwili: viungo vikifanana, nafasi ni moja. Mstari wa NSpid katika /proc/PID/status, uliopo tangu toleo la 4.1, huonyesha namba za mchakato mmoja katika kila ngazi, na huokoa muda mwingi unapolinganisha rekodi (log) za ndani na za nje. Tumia strace kuona wito uliokataliwa na kosa lililorudishwa, kwa kuwa ujumbe unaoonyeshwa na programu mara nyingi huficha habari hiyo.

Ukishawishika kwamba ni hitilafu, irudie katika kerneli mpya isiyofanyiwa mabadiliko, na uangalie /proc/sys/kernel/tainted iwe sifuri, kwa sababu moduli ya nje huwaondolea wapokeaji imani. Hitilafu ya kawaida itume kwa msimamizi wa sehemu husika, anayetajwa katika faili ya MAINTAINERS. Inayovunja utengaji usiitangaze hadharani kwanza: ipeleke kwa timu ya usalama ya kerneli, ikiambatana na toleo, usanidi, na programu fupi inayoirudia. Tangu Februari 2024 mradi wa kerneli hugawa wenyewe namba za CVE, nazo hutolewa marekebisho yanapokuwa yameingia katika matoleo thabiti, hivyo huna haja ya kuiomba namba hiyo mapema mahali pengine.